Mwaka Nilipokataa Njahi

Ulikuwa mwaka 2006, mvua ndefu imekishika kijiji cha Mutuini, pembezoni mwa jiji, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Naanza na tarehe kwa sababu tarehe hazibembelezeki. Mwezi wa Februari mwaka huu ninaoandika, Wairimu, mke wa Gitau, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alifariki dunia, na wanawe wakaja kuniomba niseme maneno machache kwenye mazishi. Walikuja kwa adabu, wakaketi kwenye ukingo wa viti, wakasema mimi ndiye mke wa pekee aliyebaki katika boma lile, na kwamba mama yao alinipenda. Nikawaambia siku hiyo sauti yangu haitapatikana. Wao ni watoto wema na hawana kosa. Lakini maneno niliyo nayo juu ya mama yao si machache, wala si ya kusomwa kando ya kaburi lililo wazi. Ni haya.

Binti yangu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Aprili 2006, akapewa jina la Wambui, kwa kuwa ndilo jina la mama mkwe, na kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza humrudisha bibi yake mzaa baba. Mimi ni Nekesa, Mluhya wa magharibi, na desturi zile nilizipokea kwa heshima, nikiamini kwamba nyumba nzuri ni nyumba yenye taratibu. Siku mbili baadaye mama mkwe aliniita jikoni kwake. Lilikuwa jiko la mbao lililotengwa na nyumba kubwa, paa la mabati meusi kwa moshi, mafiga matatu, benchi fupi lililolainishwa na makalio ya miaka mingi, na harufu ya majani ya ng'ombe yaliyolowa. Aliniwekea sahani ya njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, zikiwa zimepondwa na ndizi mbivu. Njahi ndicho chakula cha mzazi. Huleta maziwa, husafisha tumbo, hurudisha damu, na mwanamke asiyezila huhesabiwa kuwa amemnyima mtoto. Nilikula kwa hamu. Kabla sijamaliza, midomo ilianza kuniwasha, kisha viganja, kisha shingo ikajaa uvimbe mdogo mdogo kama nimelala juu ya siafu, na kifua changu, ambacho tangu utotoni kilikuwa na tabia ya kubana, kikaanza kupiga filimbi. Mama mkwe alisema ni baridi. Siku iliyofuata nilikula tena, nikatapika na kuvimba kope. Siku ya tatu nikaisukuma sahani pembeni, nikasema, "Mama, nisamehe. Hizi hazinikubali."

"Hazikukubali vipi?" aliuliza. "Hizi si zako. Ni za mtoto. Huyo mtoto ni mimi. Unaninyima mimi chakula?"

Nataka msomaji alielewe swali hilo kama nilivyolielewa. Mama mkwe hakuwa mkatili. Kwake, aliyelala kwenye shuka langu alikuwa ni yeye mwenyewe amezaliwa upya, na mimi nilikuwa mgeni aliyekataa kumlisha. Angelia, angenuna, na baada ya wiki chache angezoea. Lakini palikuwa na Wairimu. Kwa miaka minane yeye ndiye aliyekuwa mke wa mwana peke yake pale bomani. Ufunguo wa ghala ulikaa kwake, na vyumba vya kupangisha vilivyokuwa vikijengwa kando ya barabara alivionyesha wageni kana kwamba alivizaa. Nilipoingia mimi, kisha nikazaa mtoto mwenye jina la bibi, alijiona amepungua kimo, na hilo hakulivumilia.

Chumba changu kilitenganishwa na jiko kwa ukuta wa mbao tu. Nikiwa nanyonyesha, nilisikia kila kitu, na ninaamini nilikusudiwa kusikia. "Mluhya wa kukataa chakula ndiye huyu nimeona wa kwanza," Wairimu alikuwa akisema, na majirani waliokuja kuazima kibiriti wakicheka. "Hao wakiona kuku, hata manyoya hayabaki. Sasa njahi ndiyo ati inamfurisha mdomo? Hiyo ni maringo. Anataka aletewe nyama ya Kilimani." Kilimani, mtaa wa wenye nacho, ilikuwa mahali pa kazi pa mume wangu, Ndung'u, fundi wa mabomba katika majumba ya ghorofa. Jirani mmoja akauliza, "Na si labda ni aleji?" Wairimu akajibu, "Aleji ni ya watoto wa shule za basi. Mtu amekulia kwa matope ataitoa wapi aleji?" Kicheko kikajaa jiko. Ndung'u aliporudi jioni nilimweleza. Alikuwa mwanamume mpole, nami nilimpenda hadi siku nilipomzika mwaka 2019, lakini upole wake ulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa mlango wa mama yake. "Si uonje tu kidogo," aliniambia, "upate amani?" Nikamjibu kwamba amani inayopitia koo lililovimba haifiki tumboni. Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, tarehe 17 Juni 2006, kina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto. Walikuja wakiimba tangu kwenye lango, wamebeba unga, sukari, sabuni na kanga mbili, wakaketi sebuleni kwa mama mkwe, mahali palipokuwa na vitambaa vilivyofumwa juu ya kila kiti na picha ya harusi iliyofifia juu ya kabati. Wairimu ndiye aliyepika. Palikuwa na wali, nyama, kabeji, na sufuria kubwa ya njahi kwa ajili ya shughuli. Mimi aliniletea sahani yangu peke yangu, mukimo, yaani viazi vilivyopondwa na minji na majani ya malenge, akiwa ameulainisha vizuri mno. "Mama Wambui, hii yako haina njahi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimekupikia wewe spesheli. Usiseme hatukujali." Nilimshukuru. Nilishukuru kwa dhati, na hilo ndilo ambalo hadi leo sijaweza kulitoa moyoni: kwamba aliichukua shukrani yangu huku akijua. Nilikula yote, kwa kuwa nilinyonyesha na nilikuwa na njaa, na kwa kuwa nilitaka kina mama waone kwamba sina maringo.

Nilipoweka sahani chini, Wairimu alisimama katikati ya sebule, akapiga makofi kama anayeongoza wimbo. "Mmeona?" alisema. "Huyo amekula njahi. Nilichuja supu yake yote nikaiponda na viazi. Sahani nzima, na ameramba. Ameanguka? Amekufa? Mama, ona mtu wako wa aleji!" Wakacheka. Si wote kwa ubaya. Wengine walicheka kwa sababu wenzao walicheka. Mama mkwe alicheka kwa faraja, kana kwamba jambo lililomsumbua limeisha vizuri. Mimi nilikuwa tayari nahisi viganja vinawaka. Nilimpa mtoto mwanamke aliyekuwa karibu nami, nikajaribu kusimama. Ulimi ulikuwa umenenepa. Nilisikia mtu akisema, "Ona anavyoanza sinema," na mwingine, "Wacha, ataacha tukikosa kumwangalia." Nikatapika juu ya kanga mpya. Kisha kifua kikafunga, na sauti iliyotoka kwangu haikuwa ya mtu. Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Nakumbuka uso wa Wairimu juu yangu. Haukuwa na huruma wala hofu. Ulikuwa na hasira, hasira ya mtu ambaye mzaha wake umeharibiwa.

Walinipakia nyuma ya gari la jirani aliyekuwa akipeleka maziwa mjini, kati ya mitungi. Mganga wa zahanati alinitazama mara moja tu, akanichoma sindano ya adrenalini kwenye paja kupitia nguo, hakusubiri hata nilale. Pumzi ilirudi kama mlango uliofunguliwa kwa teke. "Umekula nini?" akaniuliza baadaye, nilipotulia. Ndung'u, aliyeitwa kutoka Kilimani na kufika akiwa bado na spana mfukoni, akanitazama nimjibu. "Njahi," nikasema. Mganga akamgeukia: "Huyu akila tena, usimlete kwangu. Mpeleke moja kwa moja kwa mchimba kaburi. Na kabla ya hapo, mtafutieni daktari wa mzio."

Nilitegemea baada ya hapo kupewa haki yangu. Badala yake, nilirudi nyumbani nikakuta hadithi imekwisha kubadilishwa shati. Wairimu alikuwa ameapa mbele ya mama mkwe kwamba hakutia njahi yoyote; kwamba alisema vile kwa kutania tu; kwamba kilichonishika ni pumu yangu ya tangu zamani, na pumu haina mpishi. Gitau aliunga mkono. Kina mama wa kanisa, waliosikia kwa masikio yao, wakaanza kukumbuka kwamba walikuwa wakiimba wakati huo. Nilielewa basi kwamba kilichokuwa kikiamuliwa si heshima yangu pekee. Asiyeaminiwa hulishwa tena. Kesho au mwaka ujao, mtu mwingine mwenye nia njema au mbaya angenichanganyia tena kijiko kimoja ili kuuonyesha ulimwengu, na binti yangu angelelewa na mwanamke aliyemuua mama yake kwa mzaha. Nikamwambia mama mkwe, "Nitaenda kwa daktari mjini. Lakini utakuja nami, Mama, na njahi utazipika wewe mwenyewe, uzibebe wewe mwenyewe, nisiziguse mimi wala Wairimu." Akasema, "Nitakuja. Hata mimi nataka kujua."

Daktari huyo wa mzio, Wangeci, alikuwa na kliniki katikati ya jiji, ghorofa ya nne, kwenye chumba chembamba ambamo kelele za magari zilifika zikiwa zimechoka. Mara ya kwanza, mwezi wa Julai, alikataa kunipima njahi. Alieleza kwamba mwili uliotoka kwenye shambulio kubwa huwa umemaliza silaha zake kwa muda, na kipimo kingeweza kudanganya. Alinipulizisha kwenye mrija, akanipa dawa, akanipulizisha tena, akasoma tofauti, akasema pumu ninayo kweli, inayochochewa na moshi wa jikoni, na kwamba pumu isiyotibiwa ndiyo hugeuza mzio wa chakula kuwa kifo. Akaniandikia dawa mbili za kuvuta, moja ya kila siku na moja ya dharura. Mama mkwe akadakia: "Daktari, si watu husema hiyo ya kuvuta ukianza huachi?" Daktari akamjibu, akimwita bibi, "Shosho, hata chai ulianza na hujaacha. Hii angalau inamfanya apumue."

Tulirudi Jumatano, tarehe 26 Julai 2006, mama mkwe akiwa amebeba njahi zilizochemshwa kwenye kikopo cha plastiki ndani ya kikapu chake, kilichofunikwa kwa kitambaa kama sadaka. Daktari aliweka kwanza trei yenye bomba la sindano lililokwisha kujazwa adrenalini, akasema asingeanza bila hilo. Alichora alama kwa kalamu kwenye mkono wangu, upande wa ndani. Akadondosha tone la maji ya chumvi, ambalo halikupaswa kufanya lolote, na tone la dawa ambayo huvimbisha kila ngozi, akachoma kidogo kila tone. Kisha akachoma kisindano kipya ndani ya njahi moja, na kwa ncha ile ile akaigusa ngozi yangu, kidogo tu, hata damu haikutoka. Mama mkwe alikuwa ameinama hadi pua yake ikakaribia mkono wangu. "Na kama zinavimbisha kila mtu?" aliuliza.

"Swali zuri, shosho. Lete mkono."

"Mimi? Mimi nimekula njahi kabla baba yako hajazaliwa."

"Basi huogopi."

Akaukunja mkono wa sweta. Daktari akamchoma kwa kisindano kingine na njahi ile ile. Tukakaa, mikono miwili juu ya meza moja, wa kwake wenye mishipa na wangu, tukingoja kama watu wanaongoja ugali uive. Wangu ulianza kuwasha mapema. Pale palipoguswa na njahi pakainuka uvimbe mweupe, ukaota miguu, ukazungukwa na wekundu, ukawa mpana kuliko ule wa dawa. Wa kwake ulibaki kama ulivyokuja, na alama ya kalamu tu. Daktari alieleza kwa upole. "Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa geti. Wa kwako, shosho, anazijua njahi, anazifungulia. Wa huyu anaziona ni majambazi, na akizipigia kengele, anafunga mpaka njia ya hewa. Si maringo. Si uchawi. Hakuna kuzoea, na hakuna kidogo." Mama mkwe alikitazama kikopo chake, kisha mkono wangu, kisha akakifunga kikopo taratibu. Tulipokuwa tukishuka ngazi alisimama kwenye kona, akashika ukuta. "Mimi nilicheka," akasema. Niliendelea kushuka. Sikuona sababu ya kumpunguzia.

Jioni ile, kupitia ukuta wa mbao uleule, nilisikia mazungumzo ambayo hayakukusudiwa kwangu. "Uliziweka?" mama mkwe aliuliza. Wairimu akajibu: "Mama, ilikuwa ya kumfundisha tu." "Kumfundisha nini?" "Kula." Nilisikia kitu kikianguka, nadhani mwiko. "Wee Wairimu," mama mkwe alisema, "ulitaka nilee mtoto wa marehemu?"

Siku chache baadaye Gitau alikuja na pendekezo. Angechinja kondoo, mzee wa kanisa angeomba, tungekula pamoja, na jambo lingezikwa. Ndung'u aliniomba nikubali. Mama mkwe aliniomba nikubali. Hata Wairimu alinijia, amefunga leso vizuri, akasema, "Mama Wambui, mimi na wewe ni dada. Tusiwape watu wa nje cha kusema." Nikamuuliza: alipowaita watu wa nje wacheke, mimi nilikuwa dada wa nani? Kucheka kulikuwa hadharani; kukiri hakutakuwa nyuma ya pazia. Nikamwekea njia mbili: ama aseme alichofanya mbele ya naibu wa chifu na mbele ya kina mama walewale, ama niende kituo cha polisi na karatasi ya daktari na ya zahanati, nieleze jinsi mtu alivyotia ndani ya sahani yangu kitu alichoambiwa kinanidhuru. "Utanifunga mimi? Na watoto wangu?" aliuliza. Nikajibu kwamba wangu alikuwa na miezi miwili siku ile. Alilia. Majuma mengi nilimwona akipita uani bila kuinua kichwa, na nakiri pasipo aibu kwamba nililala vizuri. Watu husema kisasi hakishibishi. Labda waliosema hivyo hawajawahi kukila kikiwa moto. Baadaye nilirudi darasani, nikafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2014 nikiwa na miaka thelathini na minne, nikasoma vitabu vingi vinavyosifu msamaha, na sikukuta kimoja kilichoandikwa na mtu aliyechekwa huku koo lake likifunga.

Wairimu alichagua kikao, nacho kilifanyika Jumamosi, tarehe 23 Septemba 2006, sebuleni kwa mama mkwe. Naibu wa chifu alikuja na kofia yake, mzee wa kanisa na Biblia yake. Kina mama walijaa, wengine wakiketi hadi kwenye korido karibu na mlango wa nyuma. Niliomba wote waliokuwepo mwezi wa Juni waitwe, na wote waliitwa. Karatasi za daktari zilisomwa. Mama mkwe, bila kuombwa, alisimama akasema aliuona mkono wangu na wa kwake, na kwamba tangu siku ile hakuna atakayenipikia katika boma lile. Nitakuwa na jiko langu lenye bomba la kutoa moshi, na mtu akiniletea chakula atakuwa amemletea yeye. Akaketi. Mimi nilitazama mbele.

Kisha Wairimu akasimama. Alikuwa amevaa sweta la kijani, mikono ameifumbata tumboni. Akasema, akitazama zulia, kwamba alichuja supu ya njahi na kuiponda na viazi vyangu, akijua nimekataa njahi, ili watu wanicheke. Kwamba baadaye alidanganya. Na kwamba angeweza kuniua. Naibu wa chifu akanigeukia.

"Mama Wambui, umeridhika?"

"Bado," nikasema. "Walioketi kwenye korido hawakusikia."

Ndung'u alinigusa kiwiko. Nikakiondoa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Tumesikia, jameni," na mwingine akamnyamazisha. Wairimu aliinua uso kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akanitazama, na nadhani alitafuta ndani yangu mahali palipo laini. Nilimwacha atafute. Kisha akageuka kuelekea mlango wa nyuma, akaanza upya, kwa sauti, neno kwa neno: supu, viazi, kicheko, uongo, kifo. Sauti ilimkatika kwenye neno la mwisho, naye akalirudia mpaka likatoka zima.

"Sasa?" akauliza naibu wa chifu.

"Sasa nimeridhika."

"Na umemsamehe?"

"Chifu, uliniuliza kama nimeridhika."

Akavaa kofia yake, akatangaza mbele ya wote kwamba shauri lile limekwisha.